Sentensi ya Saba

Nilimdanganya mgonjwa akiwa amefunguliwa, na uongo wangu ukamponya. Hilo ndilo tatizo. Kama ungemdhuru, ningefukuzwa siku ileile na mambo yangeishia hapo.

Mgonjwa mwenyewe ni Venansi Kihwele, miaka thelathini na nne, mpanda minara ya umeme wa upepo kule juu ya Makambako. Mimi ni Longino Gama, Mngoni wa Songea, darasa la tano, fundi zege kwa miaka kumi na tisa mpaka mgongo ulipokataa. Katika ile nyumba ya matibabu kazi yangu iliitwa ukaaji. Mkaaji anakaa. Mgonjwa analala kitandani, anapewa matone matatu chini ya ulimi, na mimi nakaa kwenye kigoda pembeni yake mpaka arudi. Hawakutaka msomi kwa kazi hiyo. Daktari Mshana, mama wa Kipare aliyekuwa mkuu wa utafiti, aliniuliza siku ya kwanza: "Wasomi wanaongea mno. Wewe unaweza kunyamaza?" Nikamwambia zege linafundisha kunyamaza. Akaniajiri.

Dawa ilitengenezwa palepale uani, ndani ya mapipa manne ya chuma, kwa chachu inayofanana na ya mkate, ila hii ilikuwa imefundishwa kazi nyingine. Enzi za babu zetu dawa za jinsi hii zilitoka kwenye uyoga, na mtu akimeza alipotea kutwa nzima. Ya kwetu ilikuwa dakika arobaini. Dakika hizo tuliziita dirisha. Dirisha likiwa wazi, mtu analiona jambo lake la zamani kana kwamba linatokea sasa, nalo linakuwa laini, anaweza kulishika na kuligeuza. Dirisha likifungwa, jambo linaganda pale lilipoachwa. Daktari alikuwa na michoro ya ubongo ya kuelezea hayo. Mimi nilielewa kwa njia yangu: ni zege bichi. Kuku akikatiza juu ya zege bichi, nyayo zake utazisoma baada ya miaka thelathini.

Kwa sababu hiyo mkaaji alipewa sentensi sita tu. Uko salama. Niko hapa. Vuta pumzi. Maji haya hapa. Unaweza kulia. Itapita. Zilibandikwa ukutani nyuma ya kichwa cha mgonjwa, kwa herufi kubwa, ili mkaaji asije akasema alisahau. Huulizi swali. Hujibu swali. Mambo yakizidi unabonyeza kengele, muuguzi anakuja na sindano ya kufunga, na dirisha linafungwa hapohapo. Lakini utafiti ulimpa kila mtu dirisha moja. Ukibonyeza, umempotezea.

Sauti haikurekodiwa, wala picha. Sheria ya faragha ilikataza, na ni sheria nzuri. Kilichobaki ni utepe wa kitambaa kwenye paji la uso uliobadilika rangi: buluu ametulia, njano anahangaika, nyekundu anaumia. Utepe ulihesabu maumivu. Haukusikia neno.

*

Kabla ya dirisha, mgonjwa na mkaaji hukutana mara tatu ili wazoeane. Venansi alisimama mlangoni akasoma jina langu kifuani.

"Gama? Mngoni? Basi mimi naondoka. Hawa wataniibia hata ugonjwa."

Nikamgeukia muuguzi. "Dada, fungia mbwa ndani wasije wakaliwa. Mhehe amefika!"

"Ninyi mlitembea kwa miguu kutoka kusini mpaka huku, mkasahau mlikuwa mnakwenda wapi."

"Tuliwakuta ninyi tukacheka mpaka tukachoka kutembea."

Akaketi. Babu zake na babu zangu walichinjana. Sisi tumerithi matusi na kazi ya kuzikana. Huo ndio utani, na nilifurahi, kwa sababu mtu anayeweza kutukana bado yumo ndani. Ila macho yake yalikuwa mekundu na mikono ilinuka pombe ya ulanzi, na ilikuwa saa tatu asubuhi.

Alinieleza habari za Dismas Mhapa. Wapanda minara huenda wawili wawili, na kila mmoja ana mwenzi wa kamba. Mkanda wa usalama una kulabu mgongoni, mahali usipoweza kupaona mwenyewe. Kwa hiyo mwenzi wako anaitazama, anaivuta, halafu anakupiga kofia ngumu makofi mawili juu ya kichwa: pa, pa. Maana yake, nimeona, panda. Venansi na Dismas walipigana makofi hayo kwa miaka sita. Asubuhi moja ya mwezi wa tatu Venansi alikuwa anasimulia harusi ya dada yake. Akapiga pa, pa, huku anasimulia. Hakutazama. Dismas alifika mita sitini, akaegemea mkanda wake ili apumzike, na mkanda haukuwa umeshikwa na kitu.

"Alikuwa ananiambia 'acha hizo, Kihwele,'" alisema. "Kila kitu nilichosema, 'acha hizo, Kihwele.' Na anakohoa kwanza. Kabla ya kuongea lazima akohoe, kama mzee wa kanisa."

Miezi kumi na minne hakuwa amelala zaidi ya saa mbili kwa mara moja. Nyumba iliruhusu mgonjwa kuja na kitu kimoja. Yeye alileta kofia ya njano ya Dismas, aliyoiomba kwa mjane.

*

Dirisha lake lilifunguliwa Jumanne, saa nne asubuhi. Dakika ya sita utepe ulikuwa njano. Dakika ya tisa, nyekundu. Dakika ya ishirini bado nyekundu, naye amekunja magoti hadi kidevuni, anauma shuka.

"Dismas," anasema. "Dismas, nijibu. Ulisikia? Ulisikia nilivyopiga?"

"Niko hapa," nikasema.

"Nijibu, Dismas."

"Unaweza kulia. Vuta pumzi. Itapita."

Nilizitumia zote sita, nikazirudia. Ilikuwa kama kumsomea mtu anayezama maandishi ya ubao wa kando ya mto. Kidole changu kilikuwa juu ya kengele. Nikawaza: huyu nikimfunga sasa, ataganda hivihivi, na hana dirisha jingine.

Sasa elewa jambo moja. Kwetu, mtani ndiye anayeingia msibani na kuvaa koti la marehemu. Anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, anamwambia mjane, "Mbona unalia, chai yangu iko wapi?" Watu wanacheka na machozi yanawatoka. Nimeifanya kazi hiyo kwenye misiba zaidi ya ishirini, na sijawahi kumdanganya mtu hata mmoja, kwa sababu kila aliyepo anajua marehemu yuko kwenye sanduku. Mikono yangu iliijua kazi hiyo kuliko kichwa. Nikaiona kofia ya njano kitandani. Nikaivaa. Nikaipiga makofi mawili, pa, pa. Nikakohoa.

"Acha hizo, Kihwele," nikasema. "Kulabu niliifungua mwenyewe. Spana iliniponyoka, nikaifuata kama mjinga. Wewe unataka sifa ya kuniua mimi? Mhehe mzembe kama wewe, utaniulia wapi?"

Aliachia shuka. Halafu akacheka. Kicheko kilianzia tumboni, kikamnyoosha magoti. Utepe ukaenda njano, ukaenda buluu, ukabaki buluu. Dakika ya arobaini alikuwa analala. Alilala kwa saa nane.

Pale chumbani hapakuwa na sanduku. Hilo ndilo nililosahau. Yeye alikuwa na Dismas mzima.

*

Daktari Mshana alifurahi hadi akanishika bega. Mgonjwa namba arobaini na moja alikuwa matokeo bora ya mwaka. Ulanzi aliuacha bila kuambiwa. Alinenepa. Kila Jumatano alikuja kupimwa, na kila Jumatano nilimvizia uani kwenye mapipa, kwa sababu, nikiri, niliona haya kidogo, lakini zaidi nilikuwa na hamu ya kujua. Nilikuwa nimeweka tofali moja ndani ya mtu. Nilitaka kuona atajenga nini juu yake.

"Unakumbuka nini siku ile?" nilimuuliza wiki ya tatu.

"Ipi? Ya dawa?"

"Ya mnara."

Akatazama juu, kama mtu anayesoma. "Alikuwa ameshapanda. Spana namba kumi na tisa ikamtoka. Akasema 'ala!' Akapeleka mkono nyuma, akafungua kulabu ili ainame."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Chini yake. Spana ilipita karibu na sikio langu. Ilivuma, vuuu."

Mimi sikusema namba. Sikusema "ala". Sikusema sikio. Wiki ya tano spana ilikuwa na rangi nyekundu kwenye mpini. Wiki ya saba Dismas alitoa mkono wa kushoto, ule wenye saa. Niliandika yote kwenye daftari langu dogo la mistari. Venansi hakuwa anatunga. Mtu anayetunga huangalia kama umeamini. Yeye alikuwa anakumbuka, na kila akikumbuka, ukuta ulikuwa unapanda kozi moja ya tofali. Nilitamani kumwonyesha daktari lile daftari. Nilijua nisingeweza bila kumwonyesha na kofia.

Nilijiambia: amepona, nani ameumia?

*

Mama Skola, mjane wa Dismas, alikuja wiki ya tisa. Mwanamke mrefu, kiatu cha plastiki, mkoba wa kitenge. Na yeye ni Mhehe, kwa hiyo nilianza kama kawaida.

"Kamwene, mke wangu! Umekuja kunichukua?"

"Mngoni, leo sikuja kwa utani," alisema.

Nikamvutia benchi.

"Venansi alikuja nyumbani Jumapili," alisema. "Anang'aa. Kaleta sukari na mafuta. Kakaa kwenye kiti cha mume wangu, akasema, shemeji, nina habari njema. Dismas alijifungua mwenyewe. Aliacha kamba kufuata spana. Skola alikuwa anasikia."

"Skola ana miaka mingapi?"

"Minane. Sasa anauliza, baba aliona spana ni bora kuliko mimi?" Alisema hivyo bila kupandisha sauti. "Mwaka mzima nilimchukia Venansi. Halafu nikachoka, nikampa na kofia, nikasema huyu naye ameumia, Mungu amsaidie. Sikuomba habari njema. Nataka kujua mlimpa nini."

Akafungua mkoba, akatoa spana. Namba kumi na tisa. Mpini ulikuwa wa chuma kitupu, hauna rangi. Kwenye tundu lake ilining'inia kamba ya katani yenye kitanzi, nyeusi kwa jasho, imekatwa kwa kisu.

"Dismas alikuwa anafunga spana zote mkononi. Wote kule juu wanafunga, lakini yeye hata nyumbani, akitengeneza kitanda. Hii nilikabidhiwa pamoja na nguo zake. Waliikata kutoka kwenye mkono wake chini ya mnara. Sasa niambie, baba, spana iliyofungwa mkononi inaangukaje?"

Niliigusa ile kamba kwa kidole. Zile sentensi sita hazikufaa hapo.

"Jumatatu anarudi kupanda," alisema, akiinuka. "Amepewa mwenzi mpya. Nakuachia hii. Mtairudisha."

Mchana huo nilikwenda minarani. Ni mwendo wa nusu saa kwa mguu, na upepo wa kule unakusukuma kama mtu mwenye haraka. Venansi alikuwa chini ya mnara wa tatu akifanya mazoezi na mwenzi wake, Oliva Sanga, mwanamke mfupi mwenye mabega ya kubeba mahindi. Walikuwa wanapanda ngazi ya kwanza na kushuka. Oliva akamgeuzia mgongo. Venansi akapiga kofia yake, pa, pa.

Alikuwa anatazama mawingu.

Nilingoja wapande tena. Safari ya pili alimpiga akiwa anamcheka fundi mmoja aliyemwaga chai. Nilingoja ya tatu. Kwa nini atazame? Katika kichwa chake, kutotazama hakujawahi kumuua mtu. Hilo nililiondoa mimi.

*

Nilimweleza Daktari Mshana yote nikiwa nimesimama, daftari nimeliweka mezani pake. Alikuwa anakula ndizi. Aliiweka chini.

"Ulivaa kofia."

"Ndiyo."

"Ukakohoa."

"Ndiyo, daktari."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Sauti hairekodiwi."

Aliisukuma ndizi kando. Alikuwa na watu mia mbili na kumi na wawili kwenye orodha ya kusubiri. Jopo la maadili lilikuwa linakuja baada ya mwezi kuamua kama nyumba iendelee.

"Kuna njia," alisema mwishowe. "Utaratibu unaruhusu dirisha la pili kwa marekebisho, mkuu wa utafiti akisaini; wakaaji hatukuwaambia. Tunamfungua tena. Mimi mwenyewe nakaa. Namwambia kitu laini zaidi. Kwamba ilikuwa ajali ya wote wawili. Kwamba lazima atazame kulabu daima. Anabaki amepona, Oliva anabaki salama, mtoto tunamwelezea baadaye."

"Na yeye tunamwambia anafunguliwa kwa nini?"

"Kwa ufuatiliaji. Alishasaini fomu ya ufuatiliaji."

"Alisaini kabla sijagusa kumbukumbu yake."

"Longino, ukimwambia akiwa macho makavu utambomoa. Unakumbuka alivyokuja? Umemsahau?"

"Sijamsahau."

"Basi kipi bora? Mtu mzima anayelala, au ukweli?"

Lile swali lilikuwa zuri na bado nalifikiria. Nilimjibu kwa ninachokijua. "Daktari, ukuta ukipinda, fundi mbaya anapaka lipu nene. Unaonekana umenyooka. Anayekuja kutundika kabati ndiye unamwangukia. Mimi nimeshapaka lipu mara moja. Sasa unataka ya pili."

"Mimi nataka kumlinda."

"Nami nilitaka kumlinda. Ndivyo tulivyofika hapa."

Akasugua macho. "Subiri jopo. Wao waamue."

"Anapanda Jumatatu. Leo ni Ijumaa."

"Nakukataza, kama mkuu wako."

"Sawa," nikasema. Nilivua kitambulisho kifuani, nikakiweka karibu na ndizi yake.

*

Jumamosi, saa sita mchana, Venansi alikuwa amekaa kwenye msingi wa mnara wa tatu anakula kande kwenye bakuli. Oliva alikuwa mbali kidogo, anakunja kamba.

"Mtani! Umefuata kande? Mngoni ana pua kama fisi."

"Venansi, lile la spana nilisema mimi."

"Na mvua ya juzi? Na yenyewe ni wewe?"

"Ulipokuwa umefunguliwa nilivaa kofia ya Dismas. Nikakohoa. Nikasema 'acha hizo, Kihwele.' Aliyeongea ni mimi."

Alicheka akakaribia kupaliwa. "Oliva! Njoo umsikie huyu! Mtani wangu anasema yeye ni marehemu!"

Hapo ndipo nilipoona nilivyojifunga. Mtani haaminiwi. Miezi mitatu nilikuwa nimemwambia kwamba nimeuza shamba lake, kwamba mama yake alinizaa mimi kwanza. Kadiri nilivyokaza uso ndivyo alivyozidi kucheka, kwa sababu mtani mzuri hukaza uso. Uongo wangu aliumeza bila maji, na ukweli alikuwa anautema.

Nikaketi chini, udongoni, mbele ya miguu yake. "Ndugu Venansi Kihwele," nikasema. Sikuwahi kumwita hivyo. "Utani nauweka chini. Mbele ya huyu dada nauweka chini, na sitauokota mpaka wewe uniambie."

Kijiko kikasimama.

Nikatoa spana kwenye mfuko wa koti, na kamba yake. Mkaaji haruhusiwi kuuliza swali. Nikauliza.

"Siku ile wewe ndiye uliyemfikia wa kwanza?"

"Mimi."

"Hii ulikuta wapi?"

"Ilikuwa…" Akaitazama spana, kisha ardhi pembeni yake, kana kwamba anaitafuta ilikoangukia. "Ilianguka. Ilipita sikioni. Ilikuwa…"

"Kamba hii nani aliikata?"

Upepo ulikuwa unageuza mapanga ya mnara juu yetu, na kivuli cha panga kikawa kinapita juu ya uso wake, kinapita tena.

"Mimi," alisema. "Kwa kisu changu cha mfukoni. Ilikuwa imemkaza. Mkono ulikuwa umevimba." Akaweka bakuli chini polepole sana. "Ilikuwa mkononi mwake. Lakini naiona inaanguka, Longino. Naiona sasa hivi. Mpini mwekundu."

"Najua."

"Zote mbili naziona."

"Najua."

"Hii ya uongo itaondoka?"

"Sijui. Daktari naye hajui."

"Uliona nimelala," alisema. "Nilikuwa nalala, baba. Kwa nini usiniache?"

"Jana ulimpiga Oliva kofia mara tatu. Zote tatu ulikuwa unatazama pengine."

Oliva aliacha kukunja kamba. Venansi aliinuka, akaenda kwake, akamshika mabega akamgeuza. Akaitazama kulabu. Ilikuwa imefungwa sawasawa. Aliifungua, akaifunga, akaivuta. Akaifungua tena. Alifanya hivyo mpaka Oliva akasema kwa upole, "Kaka, inatosha, nimefungwa." Halafu akavua mkanda wake mwenyewe, akauweka juu ya msingi wa zege, akaanza kuteremka kuelekea nyumbani kwa Mama Skola. Hakuwa amekunywa kitu, lakini alikuwa anatembea kama amekunywa.

Sikumfuata. Mama Skola alinieleza baadaye. Venansi alisimama mlangoni, akakataa kiti. Alimwita mtoto, akapiga goti ili walingane, akasema: "Baba yako hakufungua chochote. Mimi nilipaswa kutazama, sikutazama." Skola akamuuliza kwa nini hakutazama. Akamwambia, "Nilikuwa nasimulia harusi."

*

Jopo lilipokuja halikuhitaji kuchimba. Daktari Mshana alikuwa ameandika kila kitu, kosa langu na pendekezo lake la dirisha la pili, kwa mkono wake, kurasa nne. Daftari langu alilibandika nyuma. Wanajopo waliniuliza kama najuta. Nikawauliza lipi, kwa sababu yalikuwa mawili: kuvaa kofia na kuivua.

Hii ndiyo hesabu, kama ninavyoijua mpaka leo.

Nyumba ilifungwa siku mia moja na sita. Ilipofunguliwa, wakaaji wanakaa wawili wawili, na mmoja kazi yake ni kumtazama mwenzake.

Kati ya watu mia mbili na kumi na wawili waliokuwa wanasubiri, thelathini na moja hawakurudi. Wawili najua walikufa katika siku hizo. Mmoja alikuwa mwalimu wa hesabu wa Njombe, aliyekuwa amepangiwa dirisha la Alhamisi iliyofuata. Jina lake ninalo na silisemi.

Daktari Mshana aliondolewa ukuu. Anafundisha. Namba arobaini na moja ilifutwa kwenye utafiti.

Kazi yangu ilikwisha. Nimerudi kwenye zege, mgongo ukiruhusu siku tatu kwa wiki.

Venansi alitoka kwenye saa nane za usingizi akarudi kwenye saa mbili. Baada ya mwaka amefika nne na nusu. Ulanzi aliurudia wiki sita, akauacha tena, safari hii kwa taabu. Spana bado inaanguka kichwani mwake, yenye mpini mwekundu, na kila ikianguka lazima akumbuke kisu na kamba, ndipo aendelee na alichokuwa anafanya. Hapandi tena. Anasimama chini ya ngazi, anakagua kulabu za watu kumi na wanane kila asubuhi, na kwa mkono wake hapigi kofia ya mtu mpaka ameivuta kulabu mara mbili.

Skola ana baba ambaye hakuiacha kamba.

Juma lililopita nilikuwa namwaga msingi karibu na minara, nikamwona Venansi anapita. Nikangoja. Nilikuwa na tusi zuri, nimelitunza muda mrefu, linalohusu babu yake na mbwa. Alisimama, akasalimia vizuri.

"Shikamoo, Bwana Gama."

"Marahaba," nikasema.

Akapita.